Vigae vya Songwe na Sura ya Kwanza ya Historia za Sharika Zetu

Kila mwaka wanafunzi wa theolojia huandika tasnifu juu ya historia ya sharika walikotoka, na kila mwaka sisi tunaozisoma hukutana na sura ya kwanza ile ile. Huitwa "Historia fupi ya wenyeji", na kwa kawaida haizidi kurasa mbili. Husema kwamba kabila fulani lilitoka mahali fulani likiongozwa na mwene fulani, likakuta nchi tupu, likaishi humo kwa kilimo na kwa kufua chuma. Katika aya inayofuata wamisionari wanawasili, na tangu hapo tarehe na majina huanza kumiminika. Ndivyo zilivyo pia tasnifu zinazohusu Mbozi, Momba, Ileje na mji wa Tunduma, yaani nchi ambayo tangu mwaka 2016 inaitwa Mkoa wa Songwe baada ya kutengwa na Mkoa wa Mbeya. Humo mambo huanza na Wamoravian waliofungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, au na Waskoti wa misioni ya Livingstonia waliotangulia miaka michache kuingia Mwenzo, ng'ambo ya mpaka wa leo. Yote yaliyokuwa kabla ya hapo hufanywa kuwa usiku mmoja mrefu usio na saa.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba usiku huo una nyaraka zake. Hazikuandikwa kwa wino. Zimetapakaa katika mashamba ya kahawa na mahindi, kandokando ya mito, na mara kwa mara katika mitaro ya misingi ya makanisa yetu. Ni vigae, yaani vipande vya vyungu na mitungi iliyovunjika zamani. Tunakusudia vilevile kuonyesha jambo ambalo vigae haviwezi kulithibitisha, kwa sababu hapo ndipo waandishi wengi hujikwaa.

Chungu huvunjika upesi, lakini kigae hakifi. Kinapochomwa kwa kuni na magome katika moto wa wazi, joto hupita nyuzi 600, maji yaliyofungamana na udongo hutoka, na udongo ule hauwezi tena kurudi kuwa tope. Mti huliwa na mchwa, chuma huliwa na kutu, na katika udongo wa nyanda za juu wenye mvua nyingi hata mifupa huyeyuka. Kigae hubaki. Tena hubaki karibu na mahali kilipotupwa, kwa kuwa hakuna mtu ahamaye akachukua vipande vya chungu kilichovunjika. Ayubu alipoketi majivuni hakuhangaika kutafuta kigae cha kujikunia. Kila jaa la nyumba lilikuwa navyo.

Wanafunzi wa Agano la Kale wanaifahamu elimu hii kwa njia nyingine. Mwaka 1890 Mwingereza Flinders Petrie alichimba katika kilima cha Tell el-Hesi, kusini mwa Palestina, akaona kwamba kila tabaka la udongo lina vigae vya namna yake. Kama mitindo ya mavazi inavyobadilika, ndivyo inavyobadilika midomo ya mitungi na mishikio yake, na kwa hiyo tabaka lisilo na maandishi laweza kupangwa kabla au baada ya lingine kwa vigae peke yake. Tangu siku hiyo hakuna mji wa Biblia uliochimbwa bila mtu kukaa chini ya hema akihesabu vigae. (Ni mwaka huo huo wa 1890 ambapo Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba uliopitisha mpaka katikati ya Wanyamwanga. Wachoraji wa mstari ule hawakuwa wameiona nchi waliyoigawa.)

Afrika Mashariki nayo ilipata mwanafunzi wa vigae mapema, na pengine wasomaji wetu watafurahi kusikia kwamba alikuwa kasisi. Walter Edwin Owen, Arkidikoni wa Kavirondo nchini Kenya, anakumbukwa zaidi kwa kuwatetea wenyeji mbele ya serikali ya kikoloni. Lakini katika safari zake za kichungaji alikuwa pia akiokota vigae. Baadhi ya vyungu alivyovikusanya vilikuwa na kishimo kidogo kwenye kitako, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza kidole. Owen alifariki mwaka 1945. Maelezo ya vyungu hivyo yalichapishwa mwaka 1948 kwa jina lake pamoja na Mary na Louis Leakey. Leo mapokeo hayo ya ufinyanzi yanaitwa Urewe, na yanajulikana kuanza kandokando ya Ziwa Viktoria karne kadhaa kabla ya Kristo, miongoni mwa watu wa kwanza wa sehemu hizo kuyeyusha chuma.

Kabla hatujarudi Songwe, inafaa kueleza namna kigae kinavyosomwa, maana watu hudhani ni kazi ya nakshi tu. Msomaji mwangalifu huanza na ukingo uliovunjika. Hapo huona mchanga, au chembe za vigae vya zamani vilivyopondwa na kuchanganywa katika udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. Moyo mweusi katikati ya kuta mbili nyekundu waeleza kwamba moto ulikuwa wa muda mfupi. Mikunjo ya vidole upande wa ndani, na mpasuko unaofuata mstari ulionyooka, huonyesha kwamba chungu kilijengwa kwa kupandisha kamba za udongo, moja juu ya nyingine. Kisha huja umbo. Kigae cha mdomo kina thamani kuliko vigae ishirini vya tumbo, kwa sababu tao lake likiwekwa juu ya karatasi yenye duara zilizopimwa, ukubwa wa mdomo mzima hujulikana. Shingo nyembamba ni ya maji au pombe. Mdomo mpana ni wa kupikia au kulia. Masizi ya nje yasema kwamba chombo kilikaa juu ya mafiga. Na ukoko wa ndani, ambao mama zetu waliusugua kwa mchanga, umegeuka kuwa hazina. Mafuta ya maziwa, nyama na mimea hupenya katika vitundu vya udongo na kukaa humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulitambua maziwa na nyama katika vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vikiwemo vya Luxmanda katika nyanda za Mbulu, ambako watu waliishi miaka ipatayo 3,000 iliyopita.

Nakshi huja mwisho. Haifai kupuuzwa, kwani kwa nakshi na umbo ndipo mapokeo mbalimbali hupewa majina. Lakini yenyewe ni desturi ya mkono uliofunzwa na mkono mwingine, wala si bendera ya taifa.

Tukija sasa katika nchi yenyewe, Songwe iko kati ya mahali pawili panapojulikana sana na wanaakiolojia. Magharibi, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yako maporomoko ya Kalambo. Desmond Clark alianza kazi hapo mwaka 1953 akitafuta zana za mawe, na mahali hapo hapajaacha kushangaza: mwaka 2023 ilitangazwa kwamba magogo yaliyochongwa na kuunganishwa huko yana umri wa miaka 476,000. Lakini katika matabaka ya juu Clark alikuta jambo lililo karibu zaidi nasi, nalo ni makazi ya wakulima waliojua chuma, waliokaa hapo kuanzia karne ya 4 BK hivi na kuendelea kwa karne kadhaa. Vyungu vyao ni vya mviringo, na shingo na mabega yake yamezungushiwa mifereji myembamba inayokwenda sambamba. Utafiti wa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alioufanya Ufipa katika miaka ya 1990, umeyakuta mapokeo hayo ya Kalambo upande wa Tanzania pia. Kusini-mashariki, karibu na Karonga nchini Malawi, K. R. Robinson alitambua mapokeo mengine ya Zama za Chuma za Mwanzo, yanayoitwa Mwavarambo. Naye Pamela Willoughby, aliyepima bonde la mto Songwe unaomwaga maji Ziwa Rukwa, amekuta zana za mawe za zama nyingi, kuanzia Zama za Kati za Mawe. Mwanafunzi anayeandika kwamba babu zake walikuta nchi tupu hana budi kueleza zana hizo zilichongwa na nani.

Lakini ushahidi ulio bora kuliko wote kwa Mkoa wa Songwe umo Ivuna, wilayani Momba, katika tambarare ya Rukwa. Wanasayansi duniani wanalifahamu jina la Ivuna kwa sababu ya jiwe lililoanguka kutoka mbinguni tarehe 16 Desemba 1938, la aina adimu mno. Mkoa huu umependelewa kwa mawe ya mbinguni, maana kimondo kikubwa cha chuma cha Mbozi nacho kimo humu. Wageni huenda kutazama kimondo. Ni wachache wanaojua kwamba Ivuna pana chemchemi za chumvi, na kwamba Brian Fagan na John Yellen walichimba katika malundo yaliyozizunguka na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968. Kwa kipimo cha kaboni 14 ilionekana kwamba watu walikuwa wakipika chumvi hapo kati ya karne ya 13 na ya 15 BK. Mwaka huo huo wa 1968 John Sutton na Andrew Roberts walichapisha taarifa kama hiyo juu ya Uvinza, mkoani Kigoma, ambako kazi ya chumvi ilikuwa imeanza mapema zaidi.

Fikiri, ndugu msomaji, maana ya jambo hili. Chumvi ya namna ile haichotwi kama maji. Katika nchi nyingi za bonde la ufa udongo wenye chumvi hukwanguliwa wakati wa kiangazi, hutiwa katika chombo chenye matundu, na maji humiminwa juu yake. Maji yaliyochujwa huchemshwa mpaka chumvi ibaki. Kuni nyingi huhitajika, na vyungu vingi zaidi. Maji ya chumvi huingia katika vitundu vya udongo, chumvi huganda humo na kutanua, na chungu hupasuka baada ya kutumika mara chache. Ndiyo sababu mahali pa chumvi huwa na malundo ya vigae kuliko kijiji chochote. Kila lundo ni hesabu ya kazi iliyofanyika msimu baada ya msimu, na nyuma ya kazi hiyo kuna walaji. Mtu anayekula nyama na maziwa hupata chumvi humo. Anayekula ulezi, mtama na mboga huitamani. Nyanda za juu za Unyiha na Undali hazina chumvi, bali zina ulezi. Tena Unyiha ilisifika kwa majembe ya chuma. Katika karne ya 19 chumvi ilipanda kutoka bondeni na majembe yakateremka. Malundo ya Ivuna hutufanya tuone kwamba njia hizo za biashara zina mizizi mirefu, na kwamba miaka 500 kabla ya mmisionari wa kwanza kupita katika barabara ya Stevenson, watu wa nchi hii walikuwa na kazi iliyogawanywa, misimu iliyopangwa, na ujirani ulioruhusu mgeni kuja, kupika chumvi na kurudi kwao salama. Mambo haya yanastahili sura nzima. Kwa sasa hayapati hata sentensi.

Sasa tufike mahali pa hatari. Mwanafunzi akishasadiki kwamba vigae husema, mara moja huviuliza swali lisilo lao: hawa walikuwa kabila gani? Hutaka kusikia kwamba vigae vya chini ni vya "wenyeji wa kwanza" na vya juu ni vya "wavamizi", halafu hutafuta kabila lake liko tabaka gani. Kosa hili si la Kiafrika. W. F. Albright na wafuasi wake walidhani kwamba mtungi mkubwa wenye ukosi kwenye mdomo, unaopatikana katika vilima vya Palestina mwanzoni mwa Zama za Chuma, ulikuwa alama ya Waisraeli. Ukionekana mtungi, hapo aliishi Mwisraeli. Baadaye mitungi hiyo hiyo ilipatikana Sahab, karibu na Amman, ng'ambo ya Yordani, na katika miji ya Kikanaani kama Megido. Ulikuwa mtungi wa watu wenye maji au mafuta ya kuhifadhi. Dini na ukoo wao haukuandikwa katika mdomo wa mtungi.

Hapa kwetu mfano uko sokoni. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu, na mitumbwi huvileta Matema. Kutoka hapo hupanda hadi Tukuyu na Mbeya. Nyumba nyingi za Wanyakyusa zimepikia katika vyungu vya Wakisi kwa vizazi. Mwanaakiolojia wa mwaka 3000 akivikuta vigae hivyo Rungwe na kusema, "Hapa waliishi Wakisi," atakuwa ameheshimu chungu na kumsahau mnunuzi.

Kuna mfano ulio mgumu zaidi. Katika kaskazini na mashariki mwa Zambia, kuanzia karne ya 11 BK hivi, vyungu vya mapokeo ya zamani vinatoweka na mahali pake vinashikwa na vyungu vya namna nyingine, ambavyo nakshi yake mara nyingi hupigwa kwa meno ya kitana. David Phillipson ameyaita mapokeo haya Luangwa. Badiliko ni la ghafla kiasi kwamba mtu hushawishika kusema taifa jipya limeingia. Lakini Phillipson alitazama wafinyanzi walio hai, akaona kwamba wa mapokeo ya Luangwa ni wanawake, na kwamba magharibi mwa Zambia, ambako vyungu havikuachana sana na vile vya kale, wafinyanzi ni wanaume. Akapendekeza mwaka 1974 kwamba huenda sehemu ya badiliko lile ni kazi kuhama kutoka mikononi mwa wanaume kwenda mikononi mwa wanawake. Hatudai kwamba pendekezo hilo lamaliza mambo. Wageni wachache wanaweza kuwa waliingia pia, na wake walioolewa kutoka mbali wakaja na mikono yao. Tunalolisisitiza ni kwamba badiliko kubwa la vyungu laweza kutokea ndani ya nyumba zile zile. Kwa hiyo mtu asijengee kigae madai ya ardhi, wala asikitumie kumwita jirani yake mgeni. Katika mji kama Tunduma, ambako Mnyamwanga ana shangazi Nakonde, na ambako reli ya TAZARA na barabara kuu zimeleta watu wa kila kabila, sentensi moja ya ovyo katika kitabu cha jubilei ya usharika inaweza kuchochea ugomvi ambao vigae havikuuanzisha.

Kuna neno lingine linalowahusu watumishi wa Kanisa moja kwa moja. Mara kwa mara chungu kizima hukutwa kimefukiwa, na mchungaji au mwinjilisti huitwa kusema kama ni uchawi. Mara nyingi shauri huisha kwa nyundo na moto. Tungeomba subira. Ufipani, tanuri kubwa za kuyeyushia chuma zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, ndefu kuliko mtu, ziliwekewa dawa, na tanuri ilitendewa kama bibi arusi anayetarajiwa kuzaa. Mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Chungu kinachokutwa chini ya tanuri ya namna hiyo kiliwekwa na watu waliokuwa wakiomba kazi yao ibarikiwe. Mchungaji ana haki ya kukataa theolojia yao, lakini asiwashuhudie uongo kwa kuwaita wachawi. Padre Wyckaert wa Mapadre Weupe, aliyeandika mwaka 1914 juu ya wafua chuma wapagani na wafua chuma Wakristo wa huko Tanganyika, alikuwa ameshaona kwamba suala ni zito na lahitaji kuangaliwa kwanza kabla ya kuhukumiwa. Beverley Brock, aliyechapisha mwaka 1965 maelezo juu ya ufuaji chuma wa Wanyiha, ametuachia kumbukumbu ambazo leo zisingepatikana tena, kwa kuwa wazee wale wamekwisha kulala.

Aidha, sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, wala hairuhusu mtu kuvichimba bila kibali. Vigae tunavyovizungumzia vingi ni vya kale kuliko hapo. Kwa hiyo mtaro wa msingi ukitoa vigae vingi pamoja na majivu, mavi ya chuma au mabomba ya udongo ya kupitishia hewa, kazi isimame mahali hapo, na taarifa ipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya. Wakati wa kumngojea, mzee wa usharika aweza kufanya mengi kwa daftari na kalamu: kuandika kina cha shimo kwa sentimita, rangi ya udongo, na vigae vipi vilikuwa pamoja; kupiga picha akiweka rula kando; kuacha mahali pake vile ambavyo havijang'olewa. Kigae kilichookotwa bila kujulikana kilitoka kina gani kimepoteza nusu ya ushahidi wake.

Vile vilivyokwisha kutolewa vitiwe katika mfuko wa karatasi wenye jina la mahali na tarehe. Visioshwe. Akina mama wa usharika, kwa wema wao, huwa wa kwanza kuleta ndoo ya maji na sabuni, na hapo inafaa kuwazuia kwa upole, kwa sababu ukoko mweusi wanaotaka kuusugua ni chakula cha jioni cha mtu fulani, na maabara ingeweza kutuambia kilikuwa nini.